Sukuma za Wimbo wa Tatu

Jumamosi, baada ya chai ya saa nne, Millicent alikaa katika jiko la kanisa pale Kayole akikata sukuma wiki za wageni wa kesho. Upande wa pili wa ukuta wa mabati, fundi wa vyombo aitwaye Luseno alikuwa akifunga ngoma mpya ya umeme. Ile ya zamani, ya ngozi ya ng'ombe, ambayo Millicent aliipiga tangu kanisa likiwa hema, ilikuwa jikoni pamoja naye. Sasa kazi ya ngoma hiyo ilikuwa kubeba gunia la vitunguu.

Ilimuuma, na hakujisumbua kuficha. Mchungaji Irungu alikuwa amemweleza kwa upole kwamba ibada siku hizi zinarushwa mtandaoni, na mbele ya kamera anatakiwa kijana. Kijana alipatikana upesi, maana alikuwa mwana wa Mchungaji mwenyewe, Owen. "Tukishazoea hii mpya, tutaona vile tutakurudisha," alisema Mchungaji. Millicent aliishikilia hiyo "tutaona" kwa mikono miwili.

Ngoma ya umeme haina tumbo. Ina visahani vya mpira, na chini ya kila kisahani kuna triga, kijidude kinachohisi kijiti kikigonga, kisha kinaiamuru spika itoe mlio. Luseno aliunganisha nyaya, akawasha stima, akampa Owen vijiti. Owen akapiga. Puk, puk, ukasema mpira, na spika zikanyamaza. Kisha kisu cha Millicent kikashuka kwenye ubao, na spika zikalia ngoma safi kabisa.

"Triga inaokota mtikisiko wa sakafu," alisema Luseno, kwa kuwa hilo hutokea. Akatandika zulia chini ya stendi. Kisu kikashuka, ngoma ikalia. Akapunguza usikivu wa triga, akapandisha kile kiwango ambacho chini yake mpigo hauhesabiwi. Ngoma ikalia vilevile. Mwishowe akachungulia jikoni, akamwambia Millicent:

"Mathe, hebu enda na hiyo kazi mpaka kwa tangi."

Millicent akabeba ubao wake, akakaa nyuma ya tangi la maji, akakata. Ndani, ngoma ikapokea, tena ikaongeza ule mdundo wa kuchechemea ambao kanisa zima lilijua ni wa nani.

"Pasta, mashine iko poa," Luseno alitoa ripoti. "Ni vile tu inaskia mathe peke yake."

"Na ukiiongeza?"

"Nikiongeza, itamskia hata akiosha vyombo."

"Basi iache hapo hapo. Muhimu ni ilie."

Owen aligonga tena, kuhakikisha. Puk.

Millicent aliyasikia yote na moyo ukamruka kwa furaha. Alijifuta mikono kwa leso, akaingia hadi mbele ya kanisa. "Basi, Pasta, si nikae tu hapo mwenyewe?"

Mchungaji alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kwani hakuwa mtu mbaya. "Sasa, Sister Millicent, na jikoni atakaa nani? Halafu shati ya Owen imeshashonwa."

Jumapili kanisa lilijaa. Owen alirusha vijiti vizuri ndani ya shati lake jeupe, na nyuma ya mabati Millicent alikata, watu wakacheza hadi viti vikahama. Waliokaa karibu na mlango wa jikoni walimwona. Mmoja wao, Ndanu wa kwaya, alimpungia mkono, akaendelea kucheza.

Wimbo wa tatu ulipoanza, hasira zilimpanda Millicent. Akaweka kisu chini, akakunja mikono, akaitazama ngoma yake chini ya vitunguu. Kule mbele, puk, puk. Mchungaji akasema kwa maikrofoni kwamba stima inasumbua kidogo. Luseno akachungulia jikoni. Alizitazama tu sukuma, na Millicent naye akazitazama. Yalibaki mafungu mawili, maji ya ugali yalikuwa yakichemka, na wageni wametoka Njiru bila kumkosea mtu.

Akachukua kisu. Alikata polepole, huku machozi yakimtoka, na ngoma ikaja nzito hivi kwamba hata walinzi wa getini walivua kofia. Vigelegele vikalipuka.

Baada ya ibada watu walipanga foleni kumpa Owen mkono. Wageni wakamwambia amebarikiwa. Kisha foleni ileile ikaja jikoni na sahani.

Millicent alimpakulia Mchungaji mwenyewe, akamuuliza kuhusu lile jambo lao.

"Tutaona," alisema Mchungaji, akatafuna. Chakula kilikuwa kitamu, akamshukuru, ila, akasema, zile sukuma za wimbo wa tatu zilikatwa kubwa kubwa.