Chumba cha Januari

Gobnait aling'ang'ania kitasa cha chumba cha michoro ya rangi za maji, katika jumba la sanaa la Dublin, kama mtu anayezama. Ilikuwa Novemba, na daktari alisema macho yake yatapofuka kabla ya Krismasi.

"Fiachra, mwanangu, nifungulie niione mara ya mwisho!"

"Mama, wosia wa aliyetuachia michoro hii unaujua. Mwanga unapausha rangi. Hufunguliwa Januari tu, jua likiwa hafifu."

"Januari nitakuwa kipofu, we!"

Fiachra, mlinzi wa mlango ule sasa, akainamisha kichwa. "Si wewe uliyenifundisha kazi? Ulisema hata mtu akilia, usifungue."

Gobnait akakiachia kitasa. Miaka thelathini aliulinda mlango ule, na kati ya wote waliomlilia, hakuwahi kumuuliza hata mmoja ana nini.