Mguu wa Kulia

Baba yake alikuwa dereva wa lori, na dereva wa lori akijaliwa binti anayesomea urubani, mtaa mzima lazima upate habari. Siku binti alipoambiwa ataruka peke yake, bila mwalimu kando, baba alifika uwanjani kabla hata mlinzi hajafungua geti. Alivaa koti lake la harusi. Alikuja na mama, na shangazi, na darubini ya kuazima aliyoishika kinyume, akawa analalamika kwamba ndege zimewekwa mbali mno na watu.

"Kapteni!" alimwita bintiye mbele za watu. "Usisahau yale yetu ya Jumapili!"

Yale ya Jumapili yalikuwa masomo ya lori, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ghala. Chombo ni chombo, mzee alikuwa akisema. Kikiyumba, kata usukani, kisha kanyaga breki kwa mguu wa kulia, usikionee huruma. Mwalimu wa urubani alikuwa amemwambia kinyume chake hadi koo likamkauka: ndege ikishagusa ardhi huongozwa kwa miguu, kila mguu na breki ya gurudumu la upande wake, na usukani huo wa mikononi ni wa angani, huku chini ni pambo tu. Binti alikuwa akiitikia, "Ndiyo, mwalimu." Na kweli aliyajua. Aliyajua kwa kichwa.

Aliruka vizuri, akauzunguka uwanja, akashuka. Magurudumu yaligusa lami kwa ulaini hata shangazi akaanza kupiga makofi. Hapo upepo wa pembeni ukaisukuma pua ya ndege kushoto, kidogo tu. Mikono yake ikakata usukani kulia. Ndege haikusikia. Akakata tena mpaka mwisho, na mguu wa kulia ukashuka kwa nguvu zake zote. Gurudumu la kulia likashika peke yake, ndege ikajizungusha, ikatoka nje ya lami, bawa likapiga chini na propela ikachimba nyasi hadi ikapinda.

Alitoka mzima, hana hata mchubuko. Jambo hilo lilimwongezea aibu, maana aliyeumia angalau hupewa pole kwanza.

Mwalimu aliinama kwenye lami, akaiangalia alama ya mpira, moja, ya upande mmoja. "Breki ya kulia imeng'ang'ania," alisema. Akamgeukia fundi wa ndege, mtu mfupi aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara. "Si wewe uliyezifungua juzi?"

"Ni mimi. Na nikazijaribu mwenyewe."

"Ulizijaribu!" Baba alikwisha fika, anahema, amemkaba fundi ukosi wa ovaroli. "Ulitaka kuniulia mtoto, wewe!"

Mkuu wa chuo akaja, akawaachanisha. Alisikiliza upande mmoja, kama wakubwa wengi, kisha akamwambia fundi akatoe vitu vyake kabatini. Hapa hana kazi tena.

Fundi hakubishana naye. Alimtazama binti. "Dada, wewe ndiye uliyekuwa ndani. Breki ilikuwaje?"

Ulimi hauna mfupa. "Sijui," binti alijibu. "Ilikuwa haraka mno."

Mama akamkumbatia, akasema mwacheni mwanangu apumue. Akaachwa apumue. Alijua. Breki iliitika vilevile alivyoikanyaga. Alimwona fundi akiingia karakana, akivua ovaroli ya chuo, akiikunja vizuri juu ya meza kama nguo ya mtu mwingine. Masikio yalimwaka. Akajitoa mikononi mwa mama, akaenda hadi mlangoni pa karakana, na wote wakamfuata.

"Breki haina kosa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Breki haina kosa. Nilikanyaga mwenyewe, mguu mmoja. Na kabla ya hapo nilikata usukani."

"Usukani?" Mwalimu alishika kiuno. "Ndege iko chini, unakata usukani? Nani alikufundisha upuuzi huo?"

Baba alifungua mdomo ili naye aulize, kisha akaufunga. Uso wake ukamshuka palepale, na binti akajilaumu kwa kuuona.

"Hakuna," alisema haraka. "Ni ujinga wangu tu."

Mkuu wa chuo alikohoa, akamwambia fundi arudi kazini, akaondoka bila kusema samahani. Fundi aliichukua ovaroli, akaanza kuivaa taratibu, kifungo kwa kifungo. Binti akasogea karibu naye.

"Kaka fundi, naomba unisamehe. Ile ndege..."

"Ndege itatengenezwa," fundi alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu, na wanafunzi wote huharibu." Alimaliza kufunga vifungo ndipo akamtazama. "Lakini mimi nilikuuliza, dada. Ukaniangalia machoni, ukasema hujui."

Akachukua sanduku la vifaa, akatoka kuifuata ndege kwenye nyasi. Binti alibaki amesimama mbele ya meza tupu.