Lango Jeusi la Nchi ya Jicho

Mchana ule nililala nimeudhika. Mjukuu wangu Sikudhani, mwenye miaka sita, alikuwa amegoma kwenda hospitali kesho yake kutiwa dawa ya matone machoni. Aliamini kile cheusi katikati ya jicho ni mbegu, na dawa ikiigusa itayeyuka. Mimi nilijua tu kuwa kinaitwa mboni, basi. Na asipopimwa, jicho lake la kushoto, lililoanza kuingia ukungu, lingeweza kupotea. Nikajinyoosha mkekani na wasiwasi wangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika nchi ya ardhi nyeupe, mpaka nikafika kwenye ukuta wa duara wa rangi ya kahawia, na katikati yake lango jeusi tititi. Kwa adabu niliyolelewa nayo nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, nikangoja nikaribishwe, nikaanza kunung'unika juu ya wenyeji wasiojali wageni. Kando yangu Pupa na Hofu walikuwa wakigombana: Pupa anataka lango liwe wazi daima, mwanga wote uingie; Hofu anataka lifungwe kabisa. Ndipo akaja mama mmoja mpole aitwaye Kiasi, akaushika mkono wangu na kuusukuma langoni. Ukapita. Hapakuwa na ubao wala chochote.

"Unaupigia hodi uwazi, mzee wangu," akasema. "Hapa ndipo mwanga unapopita. Jua likiwa kali, naukaza ukuta huu, tundu linapungua. Giza likija, naulegeza, tundu linapanuka. Pupa angetuunguza, na Hofu angetupofusha."

Nikamuuliza mbona ni jeusi. Akanijibu kuwa ndani ni chumba, na chumba ukikitazama kutoka juani huonekana cheusi.

"Na dawa ya matone?"

"Hunipumzisha kidogo, tundu likabaki wazi, daktari akachungulia ndani. Kisha narudi kazini."

Nikaamka nimelowa jasho, lakini moyo mwepesi. Nikamwita Sikudhani, nikamsimamisha uani juani, nami nikaingia chumbani kwangu, nikasimama mbali kidogo na dirisha lililo wazi. Nikamuuliza anaona nini.

"Weusi tu."

"Ni mbegu?"

Akacheka. "Aa, ni chumba chako tu, babu! Ila sikuoni. Washa taa."

Nikawasha. Akaniona.

"Daktari naye atawasha taa?"

"Atawasha."

"Basi aniambie kaona nini humo."