Rovu la Ukoo wa Chiluisa

Tránsito Chiluisa hakuwahi kuficha rovu lake, uvimbe ule wa shingoni. Wanawake wengine pale Zumbahua, milimani, walijifunga skafu mpaka kidevuni, lakini yeye alilivalisha shanga nyekundu, safu juu ya safu, akatembea nalo sokoni kichwa juu. Aliyelikodolea macho alipewa jibu lake papo hapo. Lakini siku Hermelinda Toaquiza alipotuma neno kwamba mwanawe Wilmer hataoa kwenye ukoo wenye shingo mbovu, Tránsito alikaa kitako akalia.

Hakujililia mwenyewe. Binti yake Nube, mchumba wa Wilmer, alikuwa ameanza kuvimba kidogo kooni, na vipimo vya zahanati vilionyesha homoni za tezi zimepungua. Daktari alimpa vidonge, akasema tezi yake ina njaa ya madini joto. Tránsito alimwona daktari huyo hajui kitu, maana chumvi ya pakiti yenye madini joto aliinunua miaka yote. Hermelinda naye alisikia nusu ya habari, na nusu hiyo ikamtosha: ni damu, wanarithishana.

Basi Tránsito alijifuta machozi, kwa kuwa alikuwa na shahidi. Pacha wake Delfina, aliyefanana naye mpaka kidoti cha shavuni, aliolewa zamani huko Machala, pwani, watu wanakokula samaki na kamba. Shingo yake ilikuwa laini kabisa. Tránsito alimwita aje, kisha akamtumia Hermelinda ujumbe: aje na mwanawe kula chakula cha mchana, amwone pacha huyo kwa macho yake, na akikataa baada ya hapo, basi yaishe. Alijua Hermelinda atakuja tu. Mama huyo hajawahi kuacha kitu cha kutazama kimpite.

Asubuhi ya siku yenyewe mapacha walikuwa jikoni. Simbilisi walikuwa wameshabanikwa, viazi vya supu vimeshamenywa. Tránsito akafungua pakiti ya chumvi, akaimwaga yote kwenye kikaango cha udongo, akaikoroga mpaka ikaanza kutatarika. Delfina aliacha kukata jibini.

"Bado unakaanga chumvi?"

"Mbichi ina uchungu. Mama alitufundisha, au pwani imekusahaulisha?"

"Sijasahau. Niliacha nilipopata mimba ya kwanza, daktari alinikataza. Moto unafukuza madini joto, Tránsito. Unanunua dawa halafu unaichoma."

Tránsito alitaka kumtukana, badala yake akaepua kikaango. Aliuliza polepole kama ina maana ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, aliyemvimbisha mwanawe. Delfina aliinamia jibini, akaendelea kukata. Iliuma kuliko maneno yote ya Hermelinda. Angeweza kunyamaza, aonyeshe tu shingo ya pacha wake na ajipatie mkwe, na nani angejua? Lakini Tránsito hakuumbwa kwa kunyamaza. Alibeba kikaango mpaka uani, akaimwaga chumvi yote kwenye majivu, akarudi kufungua pakiti nyingine.

Hermelinda alifika na Wilmer jua likiwa utosini, amevaa kofia yake ya heshima. Aliwazunguka mapacha wale akiwakagua kama anayenunua kondoo, shingo hii, shingo ile, akakiri kwamba kweli hawa ni tumbo moja na sura moja. Wilmer alishusha pumzi. Hapo ndipo Tránsito alipoeleza habari ya kikaango, bila kupunguza chochote, Nube akisikia.

Hermelinda alicheka. "Mimi nakaanga chumvi tangu nikiwa mwali, na shingo yangu hii hapa. Basi si kikaango. Ni damu."

"Ni damu pia, sikatai," alisema Tránsito. "Damu yenu inavumilia chumvi iliyoungua, yetu haivumilii. Delfina ana damu hii hii niliyo nayo, ila alikula vizuri. Nube naye anameza vidonge vyake, na kuanzia leo atakula vizuri. Ila akija kwako, na wewe utaacha kukaanga."

"Niache? Kwangu hakuna mgonjwa."

"Watakuja wajukuu, mama Wilmer. Nusu yao watakuwa Chiluisa."

Nube alipakua supu, akamwekea mgeni bakuli la kwanza. Hermelinda alionja, akakunja uso, akamwambia Tránsito kwamba supu yake leo ina uchungu.

"Inao," alisema Tránsito. "Utauzoea."

Wilmer alimtazama mama yake, kijiko kikiwa hewani. Hermelinda alimwangalia Nube kooni, waziwazi, bila aibu, na Nube, aliyekuwa ameshika ncha ya skafu yake, akaiachia. Yule mama akarudi kwenye bakuli lake, akala taratibu, uso ukiwa bado umekunjika, mpaka kitako cha bakuli kikaonekana. Kisha akaliinua, akalipitisha mbele ya Tránsito, mbele ya Delfina, akamnyooshea msichana.

"Niongezee, mwanangu."