Taa ya Barazani

Sindano alipoukaribia mlango wa mama yake, redio ilianza kukwaruza. Ilikuwa redio ndogo ya mkononi, imewekwa mahali pasipo na stesheni yoyote ili inase kelele za umeme, na tangu mwanzo wa mtaa ilikuwa ikipumua taratibu tu. Sasa ilichachatika kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Aliisogeza kwenye boksi la mita, ikachachatika. Akaiinua juu, kwenye taa ya barazani, ikapiga kelele hata kuku wa jirani wakatawanyika.

Akaizima redio, akabaki akiitazama taa.

Kazini walimwita Sindano kwa jinsi alivyolehemu vipande vidogo kuliko punje ya mchele bila mkono kutetemeka. Kampuni yenyewe ilikuwa ya watu wachache, vyumba vya kupanga juu ya duka la rangi na misumari, lakini ilikuwa na jambo lake kubwa: chipu waliyoibuni wenyewe, inayokaa ndani ya mita na kupeleka hesabu za matumizi kwa kupitia waya uleule wa umeme. Hakuna laini ya simu, hakuna mtu wa kuzunguka akichungulia maboksi ya watu. Mita inaongea, waya unabeba maneno, kompyuta inasikia. Ndivyo alivyopenda kueleza Mhandisi, mwenye kampuni, na akishaanza kueleza hakumbuki hata kumeza mate.

Chipu za kwanza zilikuwa viziwi. Hizi zilikuwa za pili, na kila mtu pale juu ya duka alijua kwamba za tatu hazitakuwepo. Leo wageni wa shirika la umeme walikuwa wanakuja kuziita mita za mtaa mmoja, moja baada ya nyingine. Zikiitika zote, kampuni inapona. Ikikosa kuitika hata moja tu, basi, kila mtu akatafute pa kwenda. "Maana mita moja ikinyamaza lazima mtu atumwe," walikuwa wamesema, "na tukituma mtu, chipu yenu ya kazi gani?"

Mtaa uliochaguliwa ulikuwa wa kina Sindano, kwa kuwa majirani walimjua na hawakuogopa kumfungulia. Katika majaribio mita zote ziliitika isipokuwa ya mama yake. Wiki nzima Sindano aliilaumu mikono yake mwenyewe. Aliitoa bodi, akailehemu upya, akairudisha, akaitoa tena. Hakuna aliyeiwaza taa. Tena jioni ile ya kufunga mita, mafundi walimalizia kazi kwa mwanga wake, wakamshukuru mama kwa ukarimu.

Taa ile aliitengeneza mdogo wake, kitindamimba wa mama, kwa vipande alivyovichokonoa kwenye chaja mbovu na redio zilizokufa. Aliipachika barazani, akaiwasha, na haikupita muda akaondoka kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Hakuandika. Hakupiga simu. Majirani walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Mama hakubishana nao, aliiacha taa iwake tu, usiku na mchana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unazunguka na redio mbovu? Watu watasema binti yangu kachanganyikiwa."

"Mama, ni taa."

"Taa imefanya nini?"

"Inatia kelele kwenye waya. Mita inaongea, lakini haisikiki. Ni kama mtu ananong'ona kwenye mashine ya kusaga unga."

Mama aliitazama taa, kisha akamtazama yeye. "Taa hii haijawahi kupiga kelele."

"Sisi hatuisikii. Naomba tuizime, Mama, leo tu. Wageni wakishaondoka nitaitengenezea kichujio cha kuzuia kelele. Wala sitaifungua, kitakaa pembeni kwenye waya."

"Na akija leo?"

"Mchana huu, Mama? Mlango si utaonekana?"

"Kwani nani kakwambia hajui mlango? Kazaliwa humu ndani." Mama alikaa kwenye ngazi polepole, mkono gotini. "Akiikuta imezimwa atajua tulishamlilia tukanyamaza."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hilo Sindano alilijua. Lakini zilikuwepo siku alizoichukia taa ile, kwa sababu iliwaka kwa ajili ya yule aliyeondoka, na yeye aliyebaki alipita chini yake kila asubuhi na kila jioni kama mpangaji. Aliona haya kuliwaza hilo, na bado aliliwaza.

"Kazi yako ndiyo iko hapo?" mama aliuliza mwishowe.

"Yote. Yangu na ya wenzangu."

"Basi mpaka saa sita. Saa sita ikifika naiwasha, hata aje nani."

Swichi ilikuwa ngumu kwa kutoguswa. Mama hakukubali kusaidiwa. Aliibonyeza kwa vidole gumba viwili, na taa ilipozimika akageuza uso upande wa ukuta.

Sindano alipofika kazini, mita ya mama yake ilikuwa imeitika. Mhandisi alimkumbatia mpaka miwani ikamtoka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, akaanza kupanga vikombe.

Ila wageni hawakuja kwa wakati. Walipofika walisalimiana, wakaombwa radhi kwa ngazi, wakaomba radhi kwa kuchelewa, wakanywa chai. Mkuu wao, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitaka aelezwe chipu, na Mhandisi akaeleza bila kumeza mate. Ndipo wakaanza kuita, kutoka mwisho wa mtaa. Kila nyumba ilikuwa nukta nyeupe kwenye kioo cha kompyuta, kila iliyoitika iligeuka kijani, na iliyopotea kwenye waya iligeuka kijivu. Sindano alitazama saa ya ukutani, ikikaribia saa sita, akatazama nukta ya mama yake.

Ikageuka kijivu kabla hawajaifikia.

"Mpigie mama yako," Mhandisi alimnong'oneza. "Nakusihi, mpigie sasa hivi."

Alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga. Simu ilipokewa kabla haijamaliza kuita mara moja.

"Mwanangu?"

Sauti ile hakuwa ameisikia miaka mingi. Ilikuwa nyepesi, ya mama kijana, na haikuwa ya kumwita yeye, ilikuwa ya mdogo wake.

"Ni mimi, Mama."

Kisha sauti ikarudi ile ya kila siku. "Aa, ni wewe. Nimeshaiwasha. Si tulisema saa sita?"

"Tulisema."

"Nizime tena? Kama ni lazima, sema."

Kupitia mlangoni alimsikia Mhandisi akichekesha wageni ili kuvuta muda, na wenzake wakicheka kwa woga. Neno moja lingetosha. Alilia kidogo bila sauti, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Hapana, Mama. Iache iwake."

Aliporudi ndani, mkuu wa wageni alikuwa ameshafika kwenye ile nukta. "Na hii? Mbona haiitiki?"

Mhandisi alifungua mdomo. Sindano akamtangulia.

"Kuna taa inawaka pale. Kelele yake kwenye waya imeishinda chipu yetu."

"Si mtume mtu akaizime?"

"Ile haizimwi."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Hayupo."

Chini dukani mtu alikuwa akichanganya rangi kwa mashine, na sakafu ilitetemeka kidogo. Yule mkuu wa wageni alivuta kiti karibu na kompyuta, akaketi, akaweka mikono mapajani.

"Ita tena," alisema.

Mhandisi akabonyeza. Mita za mtaa zikaitika, nyumba baada ya nyumba, mpaka zamu ikafika kwenye ile ya kijivu. Kompyuta ikaita. Ikasubiri. Ikaita tena.