Goti la Voyvoda

Daktari Snezhana Kostova alimdharau Valko Dimov tangu alipomwona akishuka garini mbele ya kliniki yake ya wanyama na miwani ya jua siku ya mawingu. Nyuma yake alifuata Voyvoda, mbwa wa kuchunga kondoo ambaye hajapata kuona hata mkia wa kondoo, akichechemea huku mguu wa nyuma ukining'inia.

"Amekanyaga mwiba," Valko alisema kabla hajaulizwa. "Mchomoe upesi, Daktari, nina wageni hotelini."

"Huo mwiba umeuona?"

"Sijauona, lakini mbwa wangu namjua."

Snezhana akasonya. Watu wa aina hii walijaa mji mzima: wananunua mbwa mkubwa kama wanunuavyo geti la chuma, ili jirani aone.

Akapiga magoti, akapapasa wayo, kidole kwa kidole. Hapakuwa na mwiba. Akapanda hadi kwenye goti, akalikuta limevimba. Akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akasukuma mbele. Mfupa ukateleza kama droo iliyolegea. Voyvoda alilia kidogo, lakini hakung'ata.

"Kano la goti limekatika."

"Limekatikaje? Jana tu alikuwa anamfukuza paka!"

"Alimfukuza na manyama uzembe yote haya? Anakula nini?"

"Chakula cha mbwa." Valko akajikuna shingo. "Na banitsa asubuhi, ile mikate ya jibini. Na soseji zinazobaki mkahawani. Ananitazama kwa yale macho, Daktari, nifanyeje?"

"Dawa je?"

"Tembe yangu moja ya mgongo. Na goti nimelisugua kwa rakia, ile pombe kali ya nyumbani," alisema kwa fahari.

"Hongera. Tembe za watu humtoboa mbwa tumbo, bwana. Shukuru tumbo lake si bovu kama akili yako."

Picha ya eksirei ilithibitisha alichokisema. Snezhana akamweleza kuwa atakata mfupa, augeuze kidogo na kuukaza kwa bamba la chuma, ili goti lisiteleze tena hata bila kano.

"Kwani bendeji haitoshi? Jumamosi kuna harusi, wageni hupenda kupiga picha naye."

"Mfunge wewe hiyo bendeji. Halafu uniletee na mguu wa pili ukishakatika."

Valko akanywea. Mbwa alipoanza kulegea kwa sindano ya usingizi, ghafla bwana wake akaanza kulia, makamasi na yote. Snezhana aliyachukia machozi ya namna hiyo, yanayokuja wakati soseji zimeshaliwa.

"Mshike kichwa mpaka asinzie," alisema. "Na ufunge mdomo."

Valko akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya bei, na safari hii akatii.

Mguu uliunga. Voyvoda alitembezwa kwa kamba, akapimiwa chakula, akapungua mpaka kiuno kikaonekana. Msimu wa kuchuma waridi ulipofika, Snezhana aliwakuta kwenye mkahawa wa uwanja wa mji, Valko akiwahutubia wenzake mezani.

"Mimi nililigusa goti tu, nikajua ni kano. Yule daktari mimi ndiye niliyemwelekeza!"

Voyvoda, akiwa amesimama imara kwa miguu yote minne, aliinusa harufu ya daktari, akajificha nyuma ya kiti.

"Afadhali mmoja wenu anakumbuka nilichofanya," Snezhana alisema, akapita bila kusimama.