Sabuni Iliyokaa Juu ya Moto

"Gonja nzima hakuna anayenifikia kwa kutunza vitu," Eliakunda alipenda kusema, na kabla hujapata nafasi ya kumsuta aliongeza mwenyewe, "ukiacha mume, mbuzi watatu na meno."

Mume alikufa, mbuzi walikwenda bila kuaga, na meno aliyaacha moja moja kwenye makande. Lakini mbegu alijua kuitunza, hilo hata maadui zake walikubali. Kibuyu kikavu, mahindi ndani, jivu juu ya mahindi, mdomo ukazibwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha kibuyu kikaning'inizwa darini, juu ya mafiga ya jikoni, pale moshi unapopita kwa wingi. Mwaka mzima fukusi haoni ndani. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na wake. Kilichokaa juu ya moto hakiozi.

Basi sabuni ya unga ilipoingia nyumbani mwake, aliitunza vivyo hivyo.

Ilikuja mwaka ule wa vita vya Uganda. Mwanawe Eliezeri, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini Tanga, alituma maboksi mawili kwa basi, pamoja na barua: "Fulieni hizi. Krismasi nikija nataka nikute shuka zangu nyeupe." Boksi la kwanza alipewa mkaza mwana, Yudith, akalimaliza kwa wiki mbili. Povu liliteremka na mfereji mpaka bata wa Rogathe, jirani wa chini, wakapanda wakiwa wamependeza kuliko watoto wa Kipaimara. Eliakunda aliona uchungu. Boksi la pili akalificha. Alingoja Yudith aende kuteka maji, akamimina sabuni kibuyuni, jivu juu, kinyesi mdomoni, kamba, darini. "Ya shuka zake akirudi," alijisemea.

Krismasi hiyo Eliezeri hakuja. Wala iliyofuata. Barua zikakoma kama mvua za vuli. Mtu mmoja aliyeshuka Tanga alimwulizia, akakuta chumba chake kimepangwa na watu wengine. Bandarini wengine walisema amevuka Mombasa, wengine walisema ni Eliezeri gani, maana walikuwepo watatu. Aliyekufa ana kaburi, na aliyeoa kwingine ana anwani. Eliezeri hakuwa na kimoja wala kingine. Hata kulia kulikuwa kugumu, kwa sababu mtu hajui amlilie nani.

Ikapita miaka minne. Sabuni ikatoweka nchini. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, rafu zilikuwa na vumbi, na kwa kuwa vumbi halikugawiwa kwa kadi, watu waliacha kupanga foleni. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai na maji ya jivu. Eliakunda naye alifua kwa majani ya mpapai, kibuyu cha sabuni kikining'inia juu ya kichwa chake, asikiguse. Akipuliza moto alikitazama. Wakati mwingine alikisemesha, lakini si mambo ya kuandika.

Kisha Rubeni akatuma ujumbe. Rubeni alikuwa kaka mkubwa wa Yudith, mwuzaji wa duka la ushirika kule Maore bondeni, mtu wa maneno machache yaliyopigwa pasi. Alisema familia imengoja kwa heshima. Yupo mwalimu mmoja Maore, amefiwa na mke na anataka kuoa, jina lake Benedikto, hana ubaya. Jumapili baada ya ibada angepanda kumchukua dada yake, pamoja na Asnath, mtoto aliyezaa na Eliezeri, akae kwao mpaka atakapokua. Kama kuna habari yoyote ya Eliezeri, hata moja, basi yeye angerudi mikono mitupu, wala asingesema tena.

Hata moja. Eliakunda alilishika neno hilo.

Alijua nyumba ya mtu mmoja ilivyo. Ni chungu kidogo, kijiko kimoja, na hakuna hata wa kumsengenya. Yudith alikuwa mpole, asiyejibu. Na mkaza mwana asiyejibu, ukimzoea, unamsikia nyumba nzima. Asnath alikuwa na miaka sita na alilala akimkumbatia bibi yake kama gunia. Hao wawili wakishuka, yeye angebaki na nani? Na moshi?

Alhamisi Yudith alikwenda shambani na mtoto. Eliakunda akapanda kwenye kigoda, akakata kamba, akateremsha kibuyu. Akakitikisa. Kimya. Akabandua kinyesi, akageuza, hakikutoka kitu. Mwisho alikipasua kwa mchi.

Sabuni ilikuwa jiwe. Mvuke wa miaka minne wa makande ulikuwa umeingia polepole, na moshi ukafuata njia hiyo hiyo. Ule weupe wa Tanga ulikuwa rangi ya ugoro, na harufu yake ilikuwa ya nyama iliyokaushwa. Eliakunda alilishika lile jiwe mapajani akalitazama kitambo. Hakulia. Alisema tu, "Na wewe pia?"

Kisha akalitia kinuni, akatwanga.

Vumbi lilimpanda puani, akapiga chafya kumi na moja, macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Akachekecha kwa chekeche la unga. Akatwanga majani ya mchaichai, akayachanganya humo ili inukie kama ya dukani. Rogathe, mwenye bata, alipita nyuma ya ua akasimama.

"Dada, unatwanga nini unalia hivyo?"

"Magadi."

"Magadi yananukia chai?"

"Ya kwako hayanukii kwa sababu huna maziwa," alisema Eliakunda, na Rogathe akacheka akaenda zake.

Jioni, Yudith aliporudi, alikuta mfuko wa nailoni juu ya kiti, umefungwa kwa uzi mpya. Eliakunda alikuwa amevaa kitenge cha kanisani siku ya Alhamisi.

"Mama Asnath, kaa kitako kwanza. Eliezeri ametuma."

Yudith hakukaa. "Ametuma nini?"

"Sabuni. Kaleta kijana wa basi. Kasema yuko mzima, kazi nyingi, ndiyo maana haandiki. Kasema fueni."

"Kijana gani?"

"Sikumwuliza jina. Vijana wa siku hizi unawauliza jina, wanakuuliza nauli."

Yudith aliuchukua mfuko, akaufungua, akaunusa. Akainua macho kidogo kuelekea jikoni, akayashusha. Eliakunda alingoja shangwe, au machozi, au hata swali la tatu. Yudith alisema, "Asante, Mama," akaufunga mfuko tena kwa uzi ule ule.

Lakini Jumamosi alifua. Hilo lilimpa Eliakunda moyo, akaketi mlangoni kuangalia. Yudith alimimina vijiko viwili kwenye karai. Hakuna povu. Akamimina vinne. Likatoka povu jembamba, la aibu, likazama. Aliloweka, akasugua, akasuuza kwa maji ya mfereji mzima, akaanika juu ya ua. Shuka za Eliezeri zilikuwa zimeingia karaini zikiwa na weupe wa uzee. Zilitoka na michirizi ya masizi.

"Sabuni za siku hizi," alisema Eliakunda. "Viwanda vimechoka. Hata nguvu ya kutoa povu hakuna."

"Labda," alisema Yudith.

Jumapili Rubeni alifika na jasho la mlima shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepanda bure, lakini karibu makande." Akamsimulia habari za sabuni, za kijana wa basi, za kazi nyingi. Alisimulia vizuri. Alipofika kwenye "yuko mzima" hata yeye mwenyewe alikaribia kuamini.

Rubeni aliomba aione. Alimimina kidogo kiganjani, akaisugua kwa kidole gumba, akanusa, akainusa tena. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta miaka tisa, na bidhaa alizijua hata zilipokuwa hazipo.

"Mama, hii ilifika lini?"

"Alhamisi."

"Hii ina miaka." Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sabuni ya unga siyo mbegu. Inataka mahali pakavu, penye ubaridi, kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Mbali na moto, mbali na mvuke wa chungu, na juu, mtoto asifikie. Ukiitunza hivyo inakaa mwaka, ikizidi sana mwaka na nusu, kisha nguvu inaisha. Ikipata mvuke inashikana, inakufa upesi. Hii imekufa zamani. Na imekaa motoni."

"Ilinyeshewa njiani. Kwenye basi, juu ya paa."

"Ikanyeshewa moshi?"

"Basi zenu zinatoa moshi."

Rubeni nusura acheke. Akamgeukia dada yake. "Yudith, sema wewe. Nikisikia kutoka kwako kwamba shemeji katuma, nanyanyuka sasa hivi nashuka. Neno langu ni lile lile."

Eliakunda alimtazama mkaza mwana wake. Hakumwomba kwa mdomo. Aliomba kwa jicho, kwa mikono iliyolala mapajani, kwa kile kitenge cha kanisani. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, dogo, na Yudith hakuwa mtu wa kumwaibisha mtu.

"Mama," alisema Yudith, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamsha mgonjwa. "Ile siku ulipoificha sikufika kwenye maji. Nilirudi njiani, nilisahau kata. Nilikuona umesimama kwenye kigoda."

"Kigoda gani?"

"Nilikasirika, kisha nikasikia unasema, 'ya shuka zake akirudi.' Nikanyamaza. Miaka minne hii kila nikipika nilikitazama kibuyu. Kaka akinisema, watu wakinisema, mimi naingia jikoni, nainua kichwa. Kikiwa kipo najiambia, mama yake bado anamngoja, mama hawezi kungoja bure, kipo anachokijua. Nikafua kwa majani ya mpapai kwa moyo mweupe." Alifuta pua kwa ncha ya kanga. "Alhamisi nimeingia nikaona kamba imekatwa."

Nje Asnath alikuwa akiimba akihesabu bata. Rubeni aliinamisha kichwa, akageuka kutazama ukuta kana kwamba ukuta ule ulikuwa na maandishi.

"Kama ungekuwa unamngoja, usingeiteremsha," alisema Yudith. "Umemaliza kumngoja, Mama. Sasa mimi nimngoje na nani?"

Eliakunda alitafuta utani, maana utani haukuwa umemkosa hata siku walipomzika mumewe. Alitafuta kila kona, akatoka mikono mitupu. Aliona mzigo wa Yudith nyuma ya mlango, umefungwa tayari, fundo likiwa limelegea kama la tangu juzi, na kigauni cha Asnath kimekunjwa juu yake. Kumbe usiku kucha wa Alhamisi alipolala akijisifu, mwenzake alikuwa anafunga mzigo.

"Sina kibuyu," alisema, sauti ikitoka nyembamba. "Sikuwahi kuwa na kibuyu cha sabuni mimi. Mmeniona nacho wapi?"

Asnath akaingia mbio kutoka nje, mikononi ameshika vipande viwili vya kibuyu alivyookota kwenye jalala, ndani vina ukoko wa sabuni wa rangi ya ugoro, akamwuliza bibi yake kama anaweza kuchezea.